Herufi kubwa na ndogo katika nyaraka za programu zifuate utaratibu mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nichangie hoja ambayo wengi huiona kuwa ndogo mno hata haistahili kujadiliwa gazetini, nayo ni matumizi ya herufi kubwa na herufi ndogo katika nyaraka za programu za kompyuta: miongozo ya watumiaji, maelezo ya usakinishaji, kurasa za msaada, na maandishi mengine yote yanayomweleza mtu namna ya kuutumia mfumo au kuujenga. Ninaandika kwa sababu kila hoja hii inapoibuka miongoni mwa wanaoandika nyaraka hizo, hukatizwa upesi kwa jibu kwamba ukubwa wa herufi ni suala la ladha na kwamba msomaji ataelewa tu. Mimi nashikilia kwamba mara nyingi msomaji haelewi, na pale anapoelewa huwa amebahatisha.

Katika maandishi ya kawaida, herufi kubwa iliyokosewa huudhi jicho la mhariri lakini haibadilishi jambo. Kompyuta haina uvumilivu huo. Katika mpangilio wa ASCII, unaoipa kila herufi namba yake na ambao mipangilio ya herufi ya kisasa imeurithi, A ni namba 65 na a ni namba 97; kwa mashine, hizo ni alama mbili mbalimbali, na ni juu ya mtayarishaji wa kila programu kuamua iwapo zitahesabiwa kuwa kitu kimoja. Wapo walioamua hivi na wapo walioamua vile. Jina la kikoa la tovuti, yaani sehemu ya mwanzo ya anwani yake, halijali ukubwa wa herufi, lakini sehemu ya anwani inayofuata baada ya mshazari (/) inaweza kujali. Lugha ya programu ya Python inadai True na False (kweli na si kweli) zianze kwa herufi kubwa, ilhali JavaScript inadai true na false kwa herufi ndogo. Maneno ya amri ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, hayajali, na XML, lugha ya kuwekea data alama, inajali katika kila jina la alama zake. Kwa hiyo mwandishi wa nyaraka anayetafuta kanuni moja ya jumla itokayo kwenye mashine hataipata. Atalazimika kufuata kila programu inavyojiandika yenyewe, kisha ajiwekee kanuni yake kwa maneno yaliyobaki.

Gharama ya kupuuza jambo hili inaonekana vizuri zaidi katika amri. Chukua programu ya Git, ambayo watayarishaji programu wengi hutumia kutunza historia ya kazi zao. Amri ya git branch -d hufuta tawi la kazi, yaani mkondo mmoja wa mabadiliko, lakini hukataa kulifuta iwapo yaliyomo hayajaunganishwa na mkondo mwingine. Amri ya git branch -D hulifuta hata kama hayajaunganishwa. Katika mifumo ya jamii ya Unix, kama Linux na macOS, amri ya chmod ikipewa -R huagiza badiliko la ruhusa lishuke hadi ndani ya folda zote zilizomo, na ikipewa -r huondoa ruhusa ya kusoma faili. Sasa fikiria mwongozo ambao umepitia programu ya kuandikia inayokuza yenyewe herufi ya kwanza ya kila kisanduku cha jedwali, au tovuti ambayo mbunifu wake ameamua vichwa vyote vya habari vionekane kwa herufi kubwa tupu kwa kuwa vinapendeza. Mwandishi aliandika sawasawa, mhariri alipitisha sawasawa, lakini kinachomfikia msomaji ni amri nyingine.

Vipimo navyo ni hivyo hivyo. Herufi b ndogo husimamia biti, na B kubwa husimamia baiti, ambayo ni biti 8. Mtu anayesoma kwamba mtandao wake una kasi ya 100 Mb kwa sekunde, kisha akadhani ni MB, atategemea faili la MB 100 lishuke kwa sekunde moja. Litachukua takriban sekunde 8 hata mambo yote yakienda vizuri, naye atamlaumu aliyemuunganishia. Herufi M kubwa ni milioni na m ndogo ni sehemu moja ya elfu, yaani baina yao kuna tofauti ya mara bilioni moja. Nyaraka za mfumo wa Kubernetes, unaosimamia programu zinazoendeshwa kwenye kompyuta nyingi, zinatahadharisha waziwazi kwamba anayeomba kumbukumbu ya 400m ameomba baiti 0.4, na kwamba huenda alikusudia 400Mi au 400M, yaani baiti milioni 400 hivi. Waandishi wa nyaraka hizo hawakumwekea mtumiaji tahadhari hiyo kwa mzaha.

Hata hivyo, amri na vipimo ndilo eneo jepesi, kwa sababu huko jibu sahihi lipo na mashine yenyewe italitoa. Ugumu wa kweli uko katika maneno yanayoishi pande mbili, yaani maneno ambayo ni ya kawaida katika lugha na papo hapo ni jina la kitu mahususi ndani ya programu. Katika Kubernetes, Secret kwa herufi kubwa ni aina ya kitu ambamo mfumo huhifadhi nywila, tokeni au funguo. Mwongozo ukisema katika aya moja «tengeneza Secret», katika aya ya pili «hakiki secret», na katika ya tatu «futa secret kabla ya kuendelea», msomaji ana haki ya kuuliza kama anatakiwa kufuta chombo kile kizima au nywila moja tu iliyomo. Mwongozo wa mtindo wa nyaraka za Kubernetes unaelekeza kwamba jina la kitu kama hicho liandikwe kama lilivyo katika programu, herufi kubwa zikiwa mahali pake, pale mwandishi anapozungumzia kitu chenyewe. Mwongozo huo unajua kwamba herufi moja inabeba maana ambayo vinginevyo ingehitaji sentensi nzima.

Git nayo ina mfano wa aina hiyo. Katika orodha ya istilahi za programu hiyo, head kwa herufi ndogo ni rejeleo linaloelekeza kwenye ncha ya tawi, liwe tawi lolote, na HEAD kwa herufi kubwa ni tawi ulilomo sasa hivi. Ni dhana mbili. Kinachozidisha mkanganyiko ni kwamba kwenye kompyuta ambazo mfumo wake wa faili hautofautishi herufi, kama zilivyo nyingi za macOS na Windows, mtu akiandika head mahali pa HEAD mara nyingi amri hukubali, na amri ile ile hukataa anapoipeleka kwenye seva ya Linux. Mwandishi aliyeijaribu amri kwenye kompyuta yake na kuona inafanya kazi atachapisha kosa akiwa na dhamiri safi. Ni hivyo hivyo kwa picha iliyohifadhiwa kwa jina la Ramani.png na kuitwa ramani.png ndani ya mwongozo: kwa mwandishi inaonekana, kwa wasomaji wote hakuna kitu.

Lugha ya Java imekwenda mbali zaidi. Humo boolean kwa herufi ndogo ni aina ya thamani inayoweza kuwa kweli au si kweli basi, na Boolean kwa herufi kubwa ni kitu kinachoifunika thamani hiyo, ambacho kinaweza pia kuwa null, yaani kutokuwa na chochote. Programu nyingi zimeanguka kwa sababu ya hiyo null. Na papo hapo neno lenyewe limetokana na jina la mwanahisabati George Boole, kwa hiyo Kiingereza cha kawaida hulianza kwa herufi kubwa hata pale ambapo Java haihusiki kabisa. Mwandishi asiye na utaratibu atakuwa na Boolean ya sarufi na Boolean ya Java katika aya moja, zikifanana kwa sura na zikitofautiana kwa maana, na hakuna msomaji wa kuzitenganisha isipokuwa zile za programu zimechapwa kwa mwandiko wa herufi za upana sawa, unaoashiria kuwa hayo ni maandishi ya mashine.

Wanaodhani kwamba jambo hili ni la wanafunzi tu wanaoanza wakumbuke yaliyotokea kwa wataalamu wanaoandika kanuni za intaneti. Mwezi Machi 1997 ilitoka hati ya RFC 2119, moja ya mfululizo wa hati za kanuni hizo, iliyoandikwa na Scott Bradner, ikieleza maana rasmi ya maneno kama MUST, lenye maana ya lazima, na SHOULD, linaloagiza jambo ambalo haliachwi pasipo sababu nzito. Hati hiyo ilisema kwamba maneno hayo mara nyingi huandikwa kwa herufi kubwa. Neno hilo «mara nyingi» likaacha mwanya: je, must ya herufi ndogo nayo ni amri yenye nguvu ile ile, au ni neno la kawaida? Wasomaji walitofautiana, na tofauti hiyo ilihusu kama kifaa fulani kimefuata kanuni au kimeivunja. Ikabidi Mei 2017, miaka 20 baadaye, itoke RFC 8174 ya Barry Leiba kutamka kwamba maana ile rasmi ipo pale tu maneno yanapoandikwa kwa herufi kubwa zote. Hati nzima ilitungwa kwa ajili ya ukubwa wa herufi, na sioni kwamba ilikuwa ya kupita kiasi.

Nyaraka zinazoandikwa kwa Kiswahili zina sababu yao ya ziada ya kuwa makini, kwa kuwa kitenzi chetu cha kumwamuru mtu mmoja kwa kawaida ni shina tupu lisilo na dalili nyingine yoyote, na vitufe vingi vya kiolesura, yaani vya skrini ya programu, ni amri za namna hiyo: Hifadhi, Futa, Tuma, Funga, Ghairi. Mwongozo ukisema «bofya hifadhi kisha funga», je, funga ni kitufe cha pili cha kubofya, au ni agizo la kulifunga dirisha kwa njia yoyote? Ukisema «bofya Hifadhi, kisha funga dirisha», hakuna swali. Ukisema «bofya Hifadhi, kisha bofya Funga», pia hakuna swali. Herufi kubwa hapa inafanya kazi ambayo lugha nyingine hufanya kwa njia nyingine, na mwandishi anayeitumia katika ukurasa wa kwanza na kuisahau katika ukurasa wa tano amemfundisha msomaji alama kisha amemnyang'anya. Aidha, neno kama hifadhi ni nomino pia, hivyo «fungua hifadhi» ina maana zaidi ya moja hata kabla hatujafika kwenye vitufe.

Kwa upande mwingine lugha yetu inatupa nafuu ambayo wengine hawana. Majina mengine ya programu huanza kwa herufi ndogo kwa makusudi, kama npm au jQuery, na waandishi wa Kiingereza husumbuka sana jina kama hilo linapoangukia mwanzo wa sentensi: wakilikuza wamelikosea, wakiliacha sentensi inaonekana haina mwanzo. Kwa Kiswahili ni rahisi tu kutanguliza nomino ya aina ya kitu, tukasema «Programu ya npm husakinisha...» au «Maktaba ya jQuery hutumika...», na jina likabaki lilivyo. Nomino hiyo inatusaidia pia katika upatanisho wa ngeli, kwa kuwa kitenzi hupatana na programu au maktaba, badala ya kumwacha kila mwandishi aamue kama npm «inasakinisha» au «linasakinisha». Ningependa kuona desturi hii ikishikwa na kila anayeandika mambo ya kompyuta kwa Kiswahili.

Lakini nisieleweke kwamba nataka herufi kubwa ziongezwe. Maradhi ya nyaraka nyingi ni ya wingi wake. Kuna waandishi ambao, pengine kwa kuiga lugha ya mikataba, humpandisha cheo kila nomino wanayoiona kuwa muhimu, hata tukasoma kwamba Mtumiaji huingia kwenye Mfumo ili kufungua Ripoti kwa kutumia Nenosiri la Akaunti. Katika mkataba jambo hilo lina sababu, maana kila neno la namna hiyo limefafanuliwa katika kifungu chake. Katika mwongozo halijafafanuliwa popote, na matokeo yake ni kwamba pale ambapo Ripoti ni jina halisi la menyu, msomaji hana namna ya kulitambua katikati ya msitu wa herufi kubwa zisizo na kazi. Idara za mauzo huzidisha tatizo kwa kubatiza kila uwezo mdogo wa programu jina lenye herufi kubwa mbili au tatu. Kanuni yangu ni kwamba herufi ndogo ndiyo hali ya kawaida, na neno linalotaka herufi kubwa litoe sababu: ni jina maalumu, limeandikwa hivyo kwenye skrini, au limeandikwa hivyo kwenye programu.

Vichwa vya kurasa viingie katika kanuni hiyo hiyo. Mwongozo wa mtindo wa Microsoft na ule wa Google kwa nyaraka za watayarishaji programu yote miwili inaelekeza kwamba kichwa kiandikwe kama sentensi, herufi kubwa ikiwa ya neno la kwanza na ya majina maalumu tu. Sisi bado tunaandika «Jinsi Ya Kuweka Upya Nenosiri La Akaunti Yako», tukikuza hata ya na la, vihusishi ambavyo hata Kiingereza tulichokiiga huviacha vidogo. Kichwa kama hicho kinaficha majina maalumu kabisa, kwa sababu kila neno limevaa vazi moja.

Kuna pingamizi moja ambalo nalichukulia kwa uzito, nalo ni kwamba majina yenyewe hayatulii. Mfumo wa kompyuta za Apple uliitwa Mac OS X, ukaitwa OS X, na tangu 2016 unaitwa macOS. Hifadhidata iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986 kwa jina la POSTGRES ilipitia Postgres95 kabla ya kuwa PostgreSQL mwaka 1996. Shirika la habari la Associated Press lilikuwa likiandika Internet kwa herufi kubwa hadi tarehe 1 Juni 2016, lilipoagiza iandikwe kwa ndogo, na wapo wahandisi wanaosema hadi leo kwamba herufi kubwa ilikuwa na kazi ya kutenganisha mtandao ule mmoja wa dunia na mtandao wowote wa mitandao. Yote hayo ni kweli, ila yanachodai ni kumbukumbu, hayadai tukate tamaa. Waraka unaoeleza toleo la zamani ubaki na jina la zamani, na ndiyo maana ninawaonya wale wanaofikiri kazi hii inamalizika kwa kubadilisha neno moja katika mafaili yote kwa mkupuo. Atakayegeuza kila Mac OS X kuwa macOS atakuwa ameandika jina ambalo toleo la 10.6 halikuwahi kuwa nalo, na pengine amegusa pia amri na anwani ambazo hazikupaswa kuguswa.

Kinachotakiwa si kikubwa. Timu iwe na orodha moja ya istilahi, inayotunzwa pamoja na nyaraka zenyewe ili mabadiliko yake yaonekane, nayo iseme kwa kila neno sura iliyokubaliwa, sura zilizokataliwa, na mahali ambapo sura hiyo inahusika. Awepo mtu mmoja mwenye neno la mwisho, kwa sababu bila huyo kila ndege ataruka kwa ubawa wake na mjadala wa JavaScript na Javascript hautaisha. Kisha kazi ya kukagua ipewe mashine: zipo programu za kukagua maandishi, Vale ikiwa mojawapo, ambazo hupewa orodha kama hiyo na kuonyesha kila mahali ilipokiukwa kabla waraka haujachapishwa. Mashine haitajua kama secret ya aya ya tatu ni chombo au nywila. Hilo linabaki kwa mwandishi na mhariri wake, ambao sasa watakuwa na muda nalo kwa kuwa hawasaki tena Github na Youtube zilizokosewa, mahali pa GitHub na YouTube. Wafasiri nao watashukuru, maana programu za kuhifadhi tafsiri nyingi huhesabu sentensi mbili zinazotofautiana kwa herufi moja kubwa kuwa hazilingani kikamilifu, na sentensi iliyokwisha kufasiriwa hurudi mezani kupitiwa upya.

Ninaliandikia gazeti kwa kuwa maelekezo ya kompyuta na simu hayaishii tena kwenye miongozo ya kampuni. Kurasa za teknolojia za magazeti ya Kiswahili huchapisha hatua za kufuata, na kwa wasomaji wengi hayo ndiyo maelezo ya kwanza ya kiufundi wanayoyasoma kwa lugha yao. Naomba chumba chako cha habari kiwe na orodha ya aina niliyoieleza, hata ya ukurasa mmoja, ianze na majina yanayokosewa kila wiki na vipimo vya Mb na MB. Naomba pia msanifu wa kurasa aambiwe kwamba amri ya kuandikwa kwenye kompyuta isiwekwe katika kichwa cha habari kinachogeuzwa kuwa herufi kubwa tupu, na kwamba msahihishaji anapokutana na -d katikati ya maelezo asiikuze hata ikiangukia mwanzo wa mstari.

Wako,
Mhariri wa nyaraka za programu